Mpokee mzigo: namna ya kumsaidia anayeuguza mtu nyumbani

Mtu akifika amebeba mzigo, humuulizi kama anahitaji msaada. Unanyoosha mikono unampokea, salamu zinafuata baadaye. Mimi kwa miaka minne sikumpokea dada yangu. Mama alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia wote umelegea, na dada ndiye aliyemuuguza usiku na mchana. Nilikuwa mbali, natuma hela kila mwisho wa mwezi, na kila nilipopiga simu nilimalizia kwa maneno yale yale: "Ukihitaji chochote niambie." Hakuniambia kitu hata siku moja. Nikachukulia kwamba hahitaji.

Kisha yeye mwenyewe akatakiwa kufanyiwa upasuaji, na hapakuwa na mwingine wa kukaa na mama. Nikaenda, nikakaa siku 9 peke yangu naye baada ya siku 2 za kufundishwa. Ninayoandika hapa niliyapata ndani ya siku hizo na katika miaka miwili ya kupokezana iliyofuata. Nakuandikia wewe uliye pale nilipokuwa: una ndugu, mwenzi, jirani au mfanyakazi mwenzako anayemtunza mtu asiyejiweza, unapenda kusaidia, na hujui uanzie wapi.

Anza kwa kuihesabu kazi

Usianze na ushauri. Anza na kalamu. Kaa na anayeuguza siku moja nzima, usiku ukiwemo, uandike kila anachofanya na saa anayokifanya. Mwambie mapema kwamba unataka kuijua kazi, asije akadhani unamkagua.

Siku ya kwanza nilijaza kurasa 4. Kumgeuza mama kila baada ya saa 2, yaani mara 12 kwa siku. Kumlisha dakika 45 kila mlo, kwa sababu anameza kwa shida. Milo 3, hiyo tayari saa 2 na robo. Kumwogesha kitandani. Kubadilisha nepi mara 5 au 6. Kufua shuka. Kunyoosha viungo vya upande uliolegea asubuhi na jioni, kidole kimoja kimoja, mkono usije ukakakamaa. Dawa aina 4, kila moja na saa yake. Nilipojumlisha nilipata saa 11 za kazi ya mikono, na usingizi wa dada ulikuwa umekatwa vipande.

Hapo nilikuwa bado sijaandika ile kazi isiyoonekana. Dada alijua kwamba dawa ya presha itaisha Jumatano. Alijua kikohozi kipi cha mama ni cha kawaida na kipi ni cha chakula kilichopita njia mbaya. Alipoenda kuoga aliuacha mlango wazi kidogo ili asikie. Kukumbuka na kusikiliza hakuna saa ya kuanza wala ya kumaliza, na yeye aliniambia ndiko kunakomchosha kuliko kunyanyua. Kuandike nako.

Nasisitiza kuhesabu kwa sababu kazi hii imezoeleka kuachwa nje ya hesabu. Katika pato la taifa, ukimwajiri mtu wa kumgeuza mama yako, ujira wake unahesabiwa. Dada yako akimgeuza bila malipo, hakihesabiwi kitu. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitumia takwimu za nchi 64 kuhusu namna watu wanavyotumia muda wao, likakadiria kuwa kazi za matunzo zisizo na malipo huchukua saa bilioni 16.4 kila siku. Ni kama watu bilioni 2 wakifanya kazi saa 8 kwa siku bila mshahara. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Kila ninapoisoma takwimu hiyo naziona zile kurasa 4 zenye mwandiko wangu wa haraka haraka.

Chukua kipande kizima

"Ukihitaji chochote niambie" humpa anayeuguza kazi nyingine juu ya zile alizonazo. Itabidi afikirie anahitaji nini, apime kama utaweza, atafute namna ya kukuomba, kisha akukumbushe ukisahau. Wengi huona heri wafanye wenyewe. Kwa hiyo wewe ndiye utakayechagua kutoka kwenye orodha uliyoiandika. Kitaje kipande chako kwa siku na saa, ukibebe chote, pamoja na kukikumbuka.

Angalia dawa. Kupigiwa simu kwamba zimeisha ukaenda kununua, hapo umetumwa tu. Kuichukua kazi ya dawa ni wewe kujua vimebaki vidonge vingapi, daktari anaonwa tarehe ngapi, na kuhakikisha dozi mpya imefika siku 5 kabla ya ile ya zamani kwisha, bila dada kuwaza lolote. Kazi hii nimeifanya nikiwa mbali kwa miaka miwili sasa. Ndivyo unavyoweza kuchukua nepi, usafiri wa kliniki, simu za bima, bili za maji na umeme. Aliye mbali ana mengi ya kubeba. Hela nazo usiache kutuma.

Uliye karibu, toa saa. Sema: "Kila Jumamosi, saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, mama yuko na mimi." Saa chache za kila wiki zinazojulikana zinamfaa kuliko siku nzima ya ghafla mara moja kwa mwaka, maana hata siku ya Jumatano akiwa amechoka anajua Jumamosi inakuja. Na kama moyo wako hauwezi kumwogesha mgonjwa, usijilazimishe ukaja kumdhalilisha kwa uso uliokunjamana. Chukua watoto wa anayeuguza, fua shuka, kaa ukimsomea mgonjwa.

Jifunze kwa mikono kabla ya kupokea

Hakuna atakayekuachia mama yake kwa sababu una huruma. Atakuachia akikuona unajua. Omba ufundishwe, na ufanye mbele yake mpaka akubali.

Dada alianza na shuka la pili. Limekunjwa mara mbili, limetandikwa juu ya lile la kwanza, kuanzia mabegani mwa mama hadi mapajani. Hilo ndilo la kugeuzia, maana ngozi ya mgonjwa haiburuzwi kwenye godoro, huchubuka. Unasimama upande atakaogeukia. Unamwambia kabla hujamgusa: "Mama, nakugeuza uje upande wangu." Unaukunja mguu wake wa mbali gotini, unauweka mkono wa mbali juu ya kifua, unashika shuka usawa wa bega na usawa wa nyonga. Unatanguliza mguu mmoja, unakunja magoti yako, kisha unavuta kwa kurudisha uzito wa mwili nyuma, mgongo ukiwa umenyooka. Anakuja taratibu kama mlango unaofunguka. Halafu mito: mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti, mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, visiguse godoro.

Mkono uliopooza hauvutwi kamwe. Misuli inayolishikilia bega upande huo imelegea, na mfupa hutoka mahali pake kirahisi. Nilikuwa nimeambiwa hivyo, na bado usiku wa pili, kwa usingizi, nilimshika mama chini ya kwapa la kulia ili nimsogeze juu. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akasema neno mojawapo kati ya machache yaliyombakia: "Taratibu." Nililia baada ya kumfunika. Tangu usiku ule hakuna ninachomfanyia kabla sijamwambia na kumpa nafasi ya kunijibu, hata kwa kope.

Kila unapomgeuza, kagua ngozi pale alipokuwa amelalia: mfupa wa juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, nyuma ya kichwa. Ukiona pekundu, bonyeza kwa kidole kisha achia. Pakibadilika kuwa peupe halafu rangi ikarudi, damu bado inapita. Pakibaki vile vile, kidonda kinaanza. Usimlaze tena upande huo, usipasugue, na mwarifu mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pamelegea, au mgonjwa anashtuka ukipagusa. Dada alikuwa akipapasa kwa nyuma ya vidole, gizani, bila kuwasha taa, na katika miaka yote ile mama hakupata kidonda hata kimoja. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kazi hiyo. Nilipolielewa jambo hilo ndipo nilipoelewa nani alikuwa akimweka mama hai.

Kulisha ni uvumilivu zaidi kuliko ufundi. Akae wima, kidevu kikiinama kidogo. Kijiko kidogo, kiingie upande wa mdomo wenye nguvu. Subiri uone koo limepanda na kushuka ndipo ulete kingine, na mwisho angalia ndani ya shavu lililolegea, maana chakula hujificha humo. Abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa mara kwa mara, au sauti ikawa kama ina maji ndani, simamisha na utafute ushauri. Chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Na simu yako iwe chumba kingine.

Halafu daftari. La kwetu lina safu 6: saa, upande aliolalia, dawa, alichokula na kunywa, choo, na neno la ziada. Usiandike kwa kukumbuka jioni. Andika pale pale. Asubuhi ya tatu nilisimama na kopo la vidonge mkononi nisijue kama nimeshampa au la, kwa sababu nilikuwa nimeamka saa 4 usiku, saa 6, saa 8, saa 10 na saa 12 alfajiri. Daftari ndilo lililoniambia. Daftari hilo hilo ndilo linalowawezesha watu watatu kupokezana bila kuulizana, na daktari hulipenda kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Akiondoka, mwache aondoke

Usimpigie simu kumuuliza mkasi uko wapi. Tafuta. Yote ya lazima mkubaliane kabla: dalili zipi ni za kumpigia yeye, zipi ni za kumpigia daktari moja kwa moja. Mengine yabaki kwako.

Fanya kwa njia yake hata kama unadhani yako ni bora. Mgonjwa ameizoea, na anayeuguza akirudi akikuta umepanga upya kabati la dawa, mapumziko yake yanakwisha mlangoni. Kama kweli una wazo zuri, lilete siku nyingine, na kwa swali.

Pia usimpangie namna ya kupumzika. Jumamosi ya kwanza niliyompokea, dada hakwenda popote. Alikaa kwenye kitanda chake cha chumba cha pili, mikono mapajani, akisikiliza. Nilitaka kumwambia atoke akatembee. Namshukuru Mungu nilinyamaza. Ya pili alilala saa 5 mfululizo. Ya nne ndiyo alitoka, akarudi amesuka nywele. Masikio yaliyozoea kukesha hayazimwi kwa siku moja, na hii ni sababu nyingine ya kuwa na ratiba ya kudumu.

Muulize habari zake yeye

"Watu wote wananiuliza mama ameamkaje," dada aliniambia siku moja tukikunja shuka. "Hakuna anayeniuliza mimi nimelala vipi." Kwa hiyo uliza hivyo hasa: umelala saa ngapi jana? Umekula nini leo? Mgongo? Mara ya mwisho kwenda kupimwa wewe mwenyewe ni lini? Upasuaji wa dada ulikuwa wa ngiri aliyoishi nayo zaidi ya mwaka kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mama.

Hospitali na watafiti wana dodoso la kupima uzito wa mzigo wa anayeuguza, la maswali 22, lililotokana na kazi ya Steven Zarit na wenzake mwaka 1980. Linauliza mambo ambayo familia huogopa kuyauliza: je, unahisi huna muda wa nafsi yako, je, unamkasirikia unayemuuguza, je, unatamani ungemwachia mtu mwingine. Huhitaji fomu. Uliza mojawapo mkiwa wawili tu, kisha usikimbilie kumpoza. Akisema ndiyo, hajaacha kumpenda mgonjwa, amechoka. Akisema anafikiria kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, mpokee siku hiyo hiyo na mtafutie mtaalamu, usingoje Jumamosi.

Kuhusu sifa: mwambie ukweli wa ulichokiona, "mama hana kidonda hata kimoja, na ni kwa sababu yako." Ila ukimsifu kwa moyo wake wa dhahabu kisha ukaaga, amebaki na mzigo wake pale pale.

Kaeni kikao, na hela ziwe mezani

Dada aliacha kazi ya ofisini ili kumuuguza mama. Hatukuwahi kulisema hilo kwa sauti. Tulipokaa kikao, ndugu wanne, tulianza na zile kurasa 4, kila mmoja akasoma ukurasa mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyesema "dada yupo tu nyumbani."

Kikao kifanyike mkiwa na orodha, si mgonjwa anapokuwa amezidiwa. Kila kazi iandikiwe jina. Asiyeweza saa alete hela, na hela ziwe na tarehe. Kisha ongeeni kuhusu alichopoteza anayeuguza: mshahara, michango ya pensheni, miaka ya uzoefu. Sisi tulikubaliana kumlipa dada kila mwezi kutoka mfuko wa familia na kumchangia akiba ya uzee. Kaka mmoja aliona ni kama kumgeuza dada kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Dada mwenyewe alijibu kwamba mwaka wa nne huo anafanya kazi, tofauti ni kwamba sasa ataweza kununua viatu bila kuomba. Takwimu za ILO za mwaka 2023 zinahesabu watu milioni 748 walio nje ya soko la ajira kwa sababu ya kutunza wengine, na milioni 708 kati yao ni wanawake. Kwenye kikao cha ukoo, mwanamke huyo ana jina na mmekaa naye meza moja.

Mkiamua kuajiri msaidizi, msihamishe dhuluma kutoka kwa dada kwenda kwa mtoto wa watu. Mkataba Namba 189 wa ILO, wa mwaka 2011, unawahusu wafanyakazi wa majumbani, na unaweza kuufuata ndani ya nyumba yako hata kama nchi yako haijauridhia: masharti ya kazi yaeleweke, ikiwezekana kwa maandishi, mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo, hati zake za kusafiria na vitambulisho akae navyo mwenyewe. Na usiku anaoamka mara 5 ni kazi, mlipe.

Dai pia nje ya nyumba

Kuna kiwango ambacho ndugu hawawezi kukivuka hata wakipendana. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995. Bima hiyo huwachangia pensheni wanaouguza ndugu nyumbani na hulipia mtu wa kushika nafasi yao wanapopumzika. Japani ilifuata na ya kwake mwaka 2000, na watu huanza kuichangia wakifika miaka 40. Uruguay ilipitisha sheria ya mfumo wa taifa wa matunzo mwaka 2015. Sheria hizo zilianza kwa watu kusema kwamba jambo hili ni la umma. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 29 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya matunzo; itumie kupeleka hoja kwa mwakilishi wako, au kwa mwajiri wako.

Kwa mwajiri, omba vitu vinavyotajika: zamu isiyobadilishwa ghafla, ruhusa ya saa 2 za kliniki bila kukatwa siku nzima, simu kupokelewa kazini. Kama wewe ndiye bosi, usingoje kuombwa. Mfanyakazi anayechelewa kila Jumanne huenda Jumanne ni siku ya kuosha kidonda cha baba yake. Muulize faraghani.

Kurudisha

Zamu ikiisha, usiondoke kama mgeni. Tandika kitanda upya. Andika zamu ya mwisho kwenye daftari, hesabu nepi zilizobaki, jaza dawa za wiki. Mweleze anayekupokea mambo matatu ya siku zako, na moja kati ya hayo liwe zuri: mimi nilimwambia dada kwamba mama alicheka nilipokosea kuimba wimbo wake.

Kisha, kabla hujafunga begi, andika kwa kalamu tarehe utakayorudi, mahali atakapoiona kila anapofungua daftari. Mimi niliandika tarehe 14. Dada aliichukua ile kalamu, akaipigia mstari chini yake, mara mbili, akaenda kumgeuza mama.